Nafaka, Fedha na Makasia: Vita vya Athene na Sparta, 431–404 KK

Vita vya Athene na Sparta viliigawa Ugiriki ya kale katika kambi mbili kwa miaka 27. Ugiriki ya wakati huo haikuwa nchi moja, bali mamia ya madola ya miji, kila moja likiwa na sheria zake, jeshi lake na mashamba yake. Sparta ilikuwa na nguvu nchi kavu. Wanaume wake walilelewa tangu utotoni kwa ajili ya vita, huku mashamba yao yakilimwa na wahelota, watu waliotekwa na kufungwa kwenye ardhi, ambao Sparta iliishi kwa hofu kwamba wangeasi.

Nguvu ya Athene ilikuwa baharini. Baada ya Waajemi walioivamia Ugiriki kufukuzwa, miji ya visiwani na ya pwani ya bahari ya Aegean iliungana chini yake mwaka 478 KK. Iliyoweza ilitoa manowari, mingine fedha, na hazina ikawekwa katika kisiwa cha Delos. Kufikia mwaka 454 KK hazina hiyo ilikuwa imehamishiwa Athene, na mchango wa washirika ukawa kodi. Mji uliojaribu kujitoa ulirudishwa kwa mabavu. Fedha hizo ndizo zilizoendesha manowari. Manowari moja ilihitaji wapiga makasia 170, na wengi wao walikuwa watu huru wasio na mali, waliolipwa ujira. Mji wenyewe ulitegemea nafaka iliyoletwa kwa meli kutoka Bahari Nyeusi kupitia mlango wa bahari wa Hellespont, na Kuta Ndefu ziliunganisha mji na bandari yake ya Piraeus.

Thucydides, jenerali wa Athene aliyeandika historia ya vita hivi akiwa uhamishoni, aliona kwamba chanzo chake hasa ni kukua kwa Athene na hofu ambayo Sparta iliingiwa nayo. Ni kweli, lakini Korintho, mshirika wa Sparta, nayo isisahauliwe. Athene ilikuwa imejiingiza katika ugomvi wa Korintho na Corcyra, kisha ikauzingira mji wa Potidaea, ulioanzishwa na Wakorintho. Malalamiko yao ndiyo yaliyoisukuma Sparta, iliyokuwa ikisitasita.

Vita vilipoanza, Pericles, kiongozi wa Athene, aliwashauri Waathene waache mashamba yao, waingie ndani ya kuta na kutegemea meli. Kwa hesabu za kijeshi ushauri huo ulikuwa sahihi, ila msongamano uliutesa mji. Mwaka 430 KK maradhi yalizuka na kuua sehemu kubwa ya wakazi. Mwaka uliofuata Pericles mwenyewe akafariki. Mwaka 425 KK Athene iliwateka Wasparta katika kisiwa kidogo cha Sphacteria, jambo lililowashangaza Wagiriki wote, kwa kuwa Msparta alisadikiwa kuwa radhi kufa kuliko kusalimu amri. Amani iliyotiwa sahihi mwaka 421 KK ilikusudiwa kudumu miaka 50, lakini haikutimiza hata kumi.

Mwaka 416 KK Athene ilikivamia kisiwa cha Melos, ambacho kosa lake lilikuwa kukataa kujiunga nayo. Wanaume waliokamatwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Hakuna haja ya vita inayoweza kuhalalisha kitendo hicho, na baadhi ya Wagiriki wa siku zile walikitaja kwa uchungu. Mwaka uliofuata msafara mkubwa wa manowari ulielekea kisiwa cha Sicily kuuteka mji wa Syracuse. Alcibiades, aliyeuhimiza kuliko wote, aliitwa nyumbani kushtakiwa kwa kukufuru miungu, akakimbilia Sparta. Mwaka 413 KK Nicias, jemadari wa Athene huko, alikuwa tayari kuondoa jeshi, ndipo mwezi ukapatwa. Waaguzi wakaagiza kungojea siku 27. Syracuse ikafunga mdomo wa bandari, jeshi likavunjwa likikimbia nchi kavu, na mateka wapatao 7,000 wakatupwa kwenye machimbo ya mawe, walikokufa kwa njaa, jua na baridi.

Hata hivyo Athene ilijenga manowari mpya na kupigana miaka tisa zaidi. Kilichobadili mizani ni fedha za Uajemi. Mwanamfalme Koreshi alimpa Lysander, jemadari wa Sparta, fedha za kuwalipa wapiga makasia ujira mkubwa kuliko wa Athene, na wengi wakahama. Mwaka 405 KK, huko Aegospotami kwenye Hellespont, Lysander alizivamia manowari za Athene zikiwa ufukweni, mabaharia wametawanyika kutafuta chakula. Karibu zote zilitekwa. Njia ya nafaka ikafungwa, na mwaka 404 KK njaa ikaulazimisha mji kusalimu amri.

Korintho na Thebes, washirika wa Sparta, zilitaka Athene iangamizwe. Sparta ilikataa, ikaridhika kubomoa Kuta Ndefu, kuiachia manowari 12 na kuweka utawala wa watu 30, ambao uliwaua raia wengi kabla ya demokrasia kurudi mwaka 403 KK. Kufikia mwaka 395 KK Korintho na Thebes zilikuwa zinapigana bega kwa bega na Athene dhidi ya Sparta, na safari hii fedha za Uajemi ziliwaendea wao. Mwaka 371 KK Thebes ililivunja jeshi la Sparta huko Leuctra, kisha ikawakomboa wahelota wa Messenia.