Punguzo la Bei Latoka Wapi? Habari za Gawio, Kuponi na Maduka ya Bei Nafuu

Wenzangu walionitangulia katika kijitabu hiki wameeleza habari za mazao, mizani, maghala na mikopo ya pembejeo, kama ipasavyo katika chama kinachoadhimisha miaka kumi tangu kuundwa. Mimi nimeachiwa upande wa pili wa mfuko wa mkulima, yaani upande unaotoa fedha. Mkulima huuza zao lake mara moja au mbili kwa mwaka, lakini hununua sukari, chumvi, mafuta ya kupikia na sabuni karibu kila juma. Senti anazopunjwa dukani ni ndogo hata haoni haja ya kugombana na mwenye duka. Lakini zikikusanywa mwaka mzima, huenda zikapita ile nyongeza ya bei ya kahawa aliyoipigania kwa sauti kubwa katika mkutano.

Siku hizi maduka makubwa ya mjini hutoa kuponi, kadi za pointi, na matangazo ya kununua viwili ili upewe cha tatu bure. Wanachama wengi wameuliza kwa nini duka la chama halifanyi vivyo hivyo. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina historia ndefu. Kila punguzo la bei lina mtu anayelilipa, na kazi yangu katika kurasa hizi ni kumtafuta mtu huyo.

Yafaa tuanzie Rochdale, ingawa wengi wetu tumelisikia jina hilo tangu semina ya kwanza ya ushirika. Rochdale ulikuwa mji wa viwanda vya nguo karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Katika miaka ya 1840 wafumaji wake waliishi kwa dhiki kubwa. Ujira ulikuwa mdogo na migomo ilikuwa imeshindwa. Dukani nako hapakuwa na nafuu. Katika Uingereza ya wakati huo ilikuwa desturi ya wauzaji wengi kughushi chakula ili kizidi uzito au kipendeze macho: unga ulitiwa chaki na shabu, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa na kuuzwa tena. Aliyekula kwa mkopo hakuthubutu kulalamika, kwa sababu jina lake lilikuwamo daftarini, na siku atakayohamia duka jingine ndiyo siku atakayodaiwa yote. Mkulima aliyewahi kukopa sukari kwa ahadi ya kahawa ambayo ingali mtini haya atayafahamu bila kufafanuliwa.

Watu 28 walikubaliana kuweka akiba ya peni 2 kila juma mpaka wakapata pauni 28. Tarehe 21 Desemba 1844, usiku wa baridi, wakafungua duka katika nyumba iliyopo njia iitwayo Toad Lane. Mali yao yote ilikuwa siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano, gunia moja la unga wa oti wa kupikia uji, na mishumaa kidogo. Thamani yake haikufika pauni 17. Yasimuliwa kwamba vijana wa mtaani walikusanyika nje wakawazomea, na wenye maduka wakubwa wakatabiri kwamba duka lile halitamaliza mwezi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba wazee wale hawakuuza kwa bei ya chini. Waliuza kwa bei ile ile ya soko. Waliloahidi ni chakula safi, uzito kamili, na fedha taslimu bila mkopo hata wa siku moja. Kisha, hesabu za robo mwaka zilipofungwa, gharama zikatolewa na riba ndogo ya hisa ikalipwa, ziada iliyobaki ilirudishwa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Charles Howarth ndiye anayekumbukwa zaidi kwa kuutetea mpango huo.

Sisi wakulima tuna bahati ya kuulewa mpango huo upesi kuliko watu wa mjini, maana unafanana kabisa na malipo ya pili. Chama hupokea kahawa yako, hukulipa malipo ya kwanza kwa hadhari, na baada ya mnada na kutoa gharama hukurudishia kilichobaki kwa kadiri ya kilo ulizoleta. Rochdale walifanya hivyo kwa upande wa kununua. Tuseme mwanachama amenunua vitu vya shilingi 200,000 kwa mwaka, na mkutano ukaamua kurudisha shilingi 3 katika kila 100. Atapokea shilingi 6,000. Mwenye hisa moja na mwenye hisa kumi, wakinunua sawasawa, gawio lao la manunuzi ni sawasawa. Hapa mtu tunayemtafuta amepatikana mara moja: anayelipa punguzo ni mnunuzi mwenyewe. Fedha ni yake, imekaa mahali salama kwa miezi mitatu, kisha imemrudia kwa mkupuo mmoja badala ya kupotea senti moja moja.

Huo mkupuo mmoja ulikuwa na nguvu kubwa kuliko hata bei yenyewe. Mama wa nyumba ambaye hakuwahi kuweka akiba yoyote alijikuta ana fedha ya viatu vya watoto au kodi ya nyumba bila kujinyima siku yoyote. Mwaka 1848 chama kilikuwa na wanachama 140. Mwaka 1849 benki ya akiba ya mji ule ilianguka, na watu waliokuwa na hofu wakazileta fedha zao dukani. Wanachama wakafika 390, na mwaka 1850 wakawa 600. Mwaka 1863 vyama vya kaskazini viliungana vikaanzisha chama kikuu cha kununua kwa jumla, makao yake Manchester, ili faida ya mnunuzi wa kati nayo irudi kwao.

Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Gawio lilipopata sifa, watu walianza kujiunga kwa ajili ya gawio tu, na viongozi wa baadhi ya vyama wakaona njia rahisi ya kupigiwa makofi mkutanoni: walipandisha bei za rafuni ili gawio lionekane nono mwisho wa robo mwaka. Maskini asiyeweza kumudu bei hizo, ambaye ndiye aliyekusudiwa tangu mwanzo, alikwenda kununua kwingine. Gawio la namna hiyo ni fedha ya mtu iliyotembezwa mbali ili arudishiwe kwa shangwe. Nalisema hili kwa sababu halmashauri yoyote yaweza kuingia katika kishawishi hicho.

Huko Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Asa Candler, mwenye kampuni ya Coca-Cola, aligawa vikaratasi vya kumpa mtu bilauri moja ya kinywaji bure, na C. W. Post, mwenye kiwanda cha vyakula vya nafaka, akatoa vyake vya kupunguza senti moja katika bei. Hiyo ndiyo asili ya kuponi. Tazameni tofauti yake na gawio. Kuponi haikutolewa na wanunuzi wala na mwenye duka. Ilitolewa na kiwanda, nayo ilifaa kwa bidhaa moja tu ya kiwanda hicho. Hailengi kupunguza gharama ya kikapu kizima cha mama wa nyumba, bali kumzoesha kitu ambacho pengine asingalikinunua. Tena huwapunguzia wale tu wenye nafasi ya kukata vikaratasi gazetini na kuvitunza. Wengine wote hulipa bei kamili. Mwenye haraka humlipia mwenye mkasi. Ikiwa ulikuwa umekusudia kununua kitu hicho, kuponi ni fedha halali mkononi mwako na ni upumbavu kuitupa. Ikiwa hukukusudia, hujaokoa kitu; umetumia.

Ndugu ya kuponi ni stempu za biashara. Kampuni ya Sperry and Hutchinson ilianza kuziuza stempu zake za kijani mwaka 1896. Mwenye duka alizinunua kutoka kwa kampuni, akampa mteja kwa kadiri ya fedha aliyotumia. Mteja akazibandika katika kijitabu, na kijitabu kikijaa akakibadili kwa birika, taa au blanketi. Gharama ya stempu ilikuwa kiasi cha shilingi 2 au zaidi katika kila 100 za mauzo. Duka la kwanza mtaani kuzitoa lilifaidika, maana lilivuta wateja wa jirani. Jirani naye akaanza kuzitoa. Wateja wakarudi walikokuwa, na gharama ikabaki kwa wote wawili. Basi ilibidi iingizwe katika bei. Uingereza stempu za Green Shield zilienea kuanzia mwaka 1958, na mwaka 1964 Bunge likapitisha sheria kwamba kila stempu iandikwe thamani yake ya fedha na mteja aweze kudai fedha hiyo. Walioisoma thamani hiyo waliona ni sehemu ndogo mno ya peni. Mwaka 1977 kampuni ya Tesco iliziacha stempu, ikapunguza bei rafuni, na wateja wakamiminika.

Njia ya tatu ni ile ya duka la bei nafuu lenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, ijapokuwa haikuanzishwa na wanaushirika. Mwaka 1912 John Hartford wa kampuni ya A&P alifungua katika mji wa Jersey City duka lisilokopesha, lisilopeleka mizigo nyumbani kwa mteja, na lisilotoa stempu. Mwaka 1916 Clarence Saunders, katika mji wa Memphis, akawaacha wateja wachukue vitu rafuni kwa mikono yao wenyewe, jambo ambalo leo twaliona la kawaida. Mwaka 1930 Michael Cullen akafungua King Kullen mjini New York katika jengo kubwa la kodi ndogo. Kabla ya hapo alikuwa ameuandikia uongozi wa kampuni aliyoitumikia barua akieleza mpango wake: vitu 300 viuzwe kwa bei ile ile ya kununulia, vitu 200 kwa nyongeza ya shilingi 5 katika kila 100, vitu 300 kwa nyongeza ya 15, na vitu 300 kwa nyongeza ya 20. Barua haikuzaa kitu, naye akaacha kazi. Msomaji na aisome hesabu hiyo mara mbili. Sukari isiyo na faida yoyote ndiyo itakayokuingiza dukani. Kile kilicho rafu ya pili ndicho kitakachoilipia.

Kule Ujerumani ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, waliokuwa wamerithi duka dogo la mama yao mjini Essen, walizidi kubana. Maduka yao, yaliyoitwa Aldi tangu mwaka 1962, yaliweka aina chache tu za bidhaa, zikauzwa kutoka katika makatoni yake, bila mapambo na kwa wafanyakazi wachache. Hapo mlipaji wa punguzo ni kazi iliyoachwa kufanywa: makatoni hayakupangwa, mzigo haukupelekwa nyumbani, deni halikufuatwa. Sehemu ya kazi hiyo umeifanya wewe mwenyewe bila kujua.

Sasa turudi kwetu. Vyama vya Tanganyika, kama KNCU ya Kilimanjaro iliyoandikishwa mwaka 1933, vilizaliwa kwa ajili ya kuuza mazao, na duka la bidhaa likabaki mikononi mwa wafanya biashara binafsi. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, iliundwa COSATA ili kuyapatia maduka ya ushirika bidhaa kwa jumla na kushusha bei za rejareja. Nia ilikuwa njema. Lakini maduka yalifunguliwa kwa haraka kuliko walivyopatikana watu wanaojua kuyaendesha. Chuo cha Ushirika cha Moshi chenyewe kilianza mwaka 1963. Tena mwenye duka binafsi alikuwa na silaha ambayo duka la ushirika halikuwa nayo, nayo ni mkopo. Mwaka 1967 kazi ya COSATA ikachukuliwa na Shirika la Biashara la Taifa.

Mwaka 1976 ulileta mambo mawili mazito: maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ishikwe na maduka ya ujamaa, na vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Wazee wetu wanakumbuka yaliyofuata. Bei iliyowekwa na Tume ya Bei ilikuwa nafuu kweli kweli, nayo ilibandikwa ukutani, lakini rafu zilikuwa tupu, na sukari ilipatikana usiku kwa mlanguzi. Bei ya ukutani isiyo na bidhaa haimpunguzii mtu kitu. Mlipaji wake ni yule aliyepanga foleni tangu alfajiri akarudi na kikapu kitupu. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyorudisha vyama vikuu, lakini duka la walaji halikurudi kwa nguvu.

Kwa hiyo mkutano mkuu ujao utakapoletewa hoja ya kuponi na kadi za pointi kwa duka letu, mimi nitasema waziwazi kwamba siiungi mkono. Naunga mkono tuchukue ya Aldi kwa upande wa gharama, yaani aina chache za bidhaa zinazonunuliwa na kila nyumba, zinunuliwe kwa pamoja na vyama vyetu vya msingi, kwa fedha taslimu. Na tuchukue ya Rochdale kwa upande wa ziada, irudishwe kwa kadiri ya manunuzi pamoja na malipo ya pili ya kahawa. Wapo wajumbe wa bodi wanaoona ni afadhali bei ishushwe rafuni leo kuliko mwanachama kungoja gawio, nao wana hoja nzito, hasa kwa mwanachama ambaye sukari ya leo ndiyo inayomsumbua. Kabla ya kupiga kura, mkutano utaomba hesabu ya gharama ya kuandika manunuzi ya kila mwanachama, kwa daftari au kwa mashine, maana kazi ya karani nayo hulipwa kutoka katika ziada hiyo hiyo.