Ronald Ngala na kuvunjwa kwa KADU: Kiti cha mbunge ni cha nani?

KUHAMA chama ni desturi kongwe katika siasa za Kenya, na wakazi wa Delta ya Tana wameishuhudia mara nyingi. Danson Mungatana alichaguliwa mbunge wa Garsen mwaka wa 2002 kwa tiketi ya NARC, akarejea Bungeni mwaka wa 2007 kwa tiketi ya Narc-Kenya, kisha akapata useneta wa Tana River mwaka wa 2022 akiwa katika UDA. Hussein Dado alikuwa gavana wa kwanza wa kaunti hiyo mwaka wa 2013 kupitia Wiper, akatetea kiti chake mwaka wa 2017 kwa tiketi ya Jubilee na kushindwa na Dhadho Godhana wa ODM.

Wawili hao walibadilisha vyama, lakini kila mara walirudi kwa mpiga kura na jina la chama kipya. Mkazi wa Wema, kijiji cha wakulima kando ya Mto Tana karibu na Garsen, alipata nafasi ya kukubali au kukataa.

Nafasi hiyo haikuwapo mnamo Novemba 10, 1964, siku ambapo Hayati Ronald Gideon Ngala, kiongozi wa upinzani Bungeni na mwanasiasa mashuhuri kuliko wote wa Pwani wakati huo, alitangaza kuvunjwa kwa chama chake cha Kenya African Democratic Union (KADU) na kujiunga na KANU. Uamuzi huo ulimaliza upinzani Bungeni na ukafungua njia ya kuondolewa kwa katiba ya majimbo. Wapiga kura waliowatuma wabunge wa KADU Bungeni miezi 18 awali hawakuulizwa neno.

Mwalimu aliyeingia siasa

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika jamii ya Wagiriama wa Kilifi. Alisomea katika Shule ya Upili ya Alliance na baadaye Chuo cha Makerere, Uganda, alikofuzu kuwa mwalimu. Alifundisha na kuongoza shule katika Pwani kabla ya kugeukia siasa.

Mnamo Machi 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 nchi nzima, na cha Pwani kilimwendea Ngala. Wenzake katika kundi hilo la kwanza walikuwa Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, Bernard Mate na James Muimi.

Heshima aliyokuwa nayo miongoni mwao ilidhihirika mapema mwaka wa 1960, wajumbe wa Kiafrika walipokwenda London kwa mkutano wa kwanza wa katiba katika Jumba la Lancaster. Ngala ndiye aliyeongoza ujumbe huo, naye Mboya akawa katibu.

Kutoka KANU hadi KADU

KANU ilipoundwa Kiambu mnamo Mei 1960, Ngala alichaguliwa mwekahazina, naye Moi msaidizi wake, ingawa wote wawili hawakuhudhuria. Hawakuushika wadhifa huo. Mnamo Juni 25, 1960, viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa na makabila makubwa walikutana Ngong na kuunda KADU. Ngala akawa rais wa chama, Muliro makamu wake na Moi mwenyekiti.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe huru. Ngala alikubali kuunda serikali kwa kuungwa mkono na chama cha Michael Blundell, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo.

Wako waliomwona Ngala kuwa kibaraka wa walowezi kwa hatua hiyo. Wengine walimwona kuwa mtu aliyetaka kutumia wakati uliobaki kabla ya uhuru kuwajengea wachache kinga ya kisheria. Kinga hiyo aliipata katika mkutano wa pili wa Lancaster mwaka wa 1962, nayo ikaitwa majimbo.

Majimbo na mpiga kura wa Tana

Chini ya katiba ya 1963 nchi iligawanywa katika majimbo 7 pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake, na lilipewa mamlaka katika mambo kama vile elimu ya ngazi za chini, serikali za mitaa, baadhi ya shughuli za polisi na, zaidi ya yote, ardhi.

Wilaya ya Tana River ilikuwa katika Jimbo la Pwani. Ukanda wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ambao mjadala wake wa Mwambao ulitikisa siasa za miaka hiyo, ulianzia Vanga na kukomea Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Vijiji vya juu ya mto kama Wema vilikuwa nje ya ukanda huo. Kwa Wapokomo wanaolima mpunga, ndizi na maembe kingoni mwa mto, na kwa Waorma wanaoteremsha mifugo mtoni kupitia njia za malka, suala kuu lilikuwa ardhi ya mto na mtu wa kuiamulia.

Katiba hiyo iliwapa pia Seneti. Ilikuwa na maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya kati ya wilaya 40 na mmoja wa Nairobi. Hivyo Tana River, licha ya uchache wa watu wake, ilikuwa na kura moja sawa na wilaya yoyote ya bara yenye watu wengi.

Vifungu vya majimbo vililindwa. Kuvibadili kulihitaji wingi mkubwa wa kura katika mabunge yote mawili, au kura ya maoni ya wananchi.

Siku chama kilipovunjwa

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963 na Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Kutoka hapo KADU ilianza kumomonyoka. Wabunge wake walihamia upande wa serikali mmoja mmoja, na Paul Ngei, aliyekuwa amejitenga na KANU na kuunda chama chake cha APP, alirejea KANU mwaka huo huo wa 1963. Serikali kuu nayo haikuficha kwamba haikuyataka majimbo, na ndiyo iliyoshika mfuko. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wabunge waliona kwamba maendeleo ya maeneo yao yangetoka Nairobi.

Kufikia mwishoni mwa 1964 serikali ilikuwa tayari kuitisha kura ya maoni kuhusu katiba ya jamhuri. Ngala alikuwa na njia mbili: kusimama na chama kilichokuwa kikiyeyuka na kupigana katika kura hiyo, au kuvuka na wote waliobaki wakiwa kundi moja. Alichagua njia ya pili, akisema ni kwa ajili ya umoja wa taifa. Kura ya maoni haikufanyika tena. Kenya ikawa jamhuri Desemba 12, 1964, Kenyatta akawa Rais, na Moi akaingia katika Baraza la Mawaziri.

Tetezi zake zina uzito. Chama kilikuwa kimeshindwa kwa hesabu, na umwagikaji wa damu wa kikabila aliouhofia mtu wa kizazi chake haukutokea. Hata hivyo, kura ya maoni ndiyo iliyokuwa fursa pekee ya wananchi, wakiwemo wa Tana, kusema kama wanayaachilia majimbo, na fursa hiyo ilizikwa pamoja na chama.

Mlango wafungwa nyuma yake

Mnamo Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, KANU ilifuta wadhifa wa makamu mmoja wa rais wa chama uliokuwa wa Odinga na kuweka makamu 8 wa mikoa. Ngala, ambaye miaka miwili awali alikuwa mpinzani mkuu, akawa makamu kwa niaba ya Pwani. Odinga alijiuzulu serikalini Aprili na kuongoza chama kipya cha KPU, akifuatwa na wabunge na maseneta kadhaa.

Mara hii serikali haikungoja. Katika mwezi huo huo wa Aprili Bunge lilibadilisha katiba na kuagiza kwamba mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichomdhamini lazima apoteze kiti chake na kurudi kwa wapiga kura. Sheria hiyo ilimgusa pia mbunge ambaye chama chake cha kwanza kilivunjwa, akajiunga na kingine, kisha akakihama hicho cha pili. Kwa maneno mengine, waliotoka KADU hawakuadhibiwa kwa kuingia KANU, lakini wangeadhibiwa kama wangetoka.

Uchaguzi mdogo wa Juni 1966 ulihusu viti 29, na KPU ikashinda 9 tu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: mlango uliokuwa wazi mwaka wa 1964 kwa waliokwenda upande wa serikali ulifungwa mwaka wa 1966 kwa waliokwenda kinyume.

Mwisho wa safari

Mwaka wa 1966 Ngala aliteuliwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, na baadaye alishika Wizara ya Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya uhuru ulipofanyika Desemba 1969, alirudi Bungeni. Lakini KPU ilikuwa imepigwa marufuku Oktoba mwaka huo, na mpiga kura hakuwa na chama kingine cha kuchagua. Hukumu ya wananchi kuhusu Novemba 1964 ilikuja ikiwa imechelewa, tena kwa karatasi yenye chama kimoja.

Ngala alipata ajali ya barabarani eneo la Konza Desemba 1972, na akafariki dunia siku ya Krismasi. Jina lake limebaki katika barabara ya Ronald Ngala jijini Nairobi na katika chuo cha utalii cha Vipingo, Kilifi. Mwanawe, Noah Katana Ngala, naye alikuwa mbunge na waziri.

Delta bila majimbo

Mwishoni mwa 1966 Seneti iliunganishwa na Bunge, na Tana River ikakosa seneta hadi mwaka wa 2013. Maamuzi kuhusu mto yakahamia Nairobi. Mabwawa ya umeme yalijengwa juu yake moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mwaka wa 1974 iliundwa mamlaka ya serikali kuu ya kusimamia bonde hilo, ambayo leo ni TARDA.

Mradi wa TARDA wa kukuza mpunga kwa unyunyizaji katika delta uligusa mashamba na vipande vya misitu vya Wema na Hewani, makao ya tumbili adimu wa Tana. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yaliharibu miundombinu ya mradi huo. Mizozo ya ardhi na malisho iliendelea, na ghasia kati ya Wapokomo na Waorma mwaka wa 2012 ziliua watu zaidi ya 100.

Haitakuwa haki kumtwika Ngala mzigo wa yote hayo. Hakuna ajuaye kama bunge la jimbo mjini Mombasa lingewasikiliza watu wa Wema kuliko Nairobi. Linalojulikana ni kwamba kinga walizopewa kwa katiba ziliondolewa bila wao kupiga kura.

Sheria ya sasa

Katiba ya 2010 ilirudisha Seneti na kuunda kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Kifungu cha 103 kinamnyang'anya kiti mbunge anayejiuzulu au anayehesabika kujiuzulu kutoka chama chake. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inamhesabu amejiuzulu yule anayejiunga na chama kingine au kukipigia debe hadharani.

Kwa kulinganisha, Uingereza, ambako Kenya ilirithi mfumo wake wa Bunge, haina sharti hilo. Jim Sillars, mwanasiasa wa Scotland aliyechaguliwa kwa tiketi ya Labour, alianzisha chama chake mwaka wa 1976 na kubaki na kiti hadi aliposhindwa uchaguzini mwaka wa 1979. Baadaye alijiunga na SNP na kushinda uchaguzi mdogo wa Govan, Glasgow, mwaka wa 1988.

Hata hivyo, sheria ya Kenya inawabana zaidi wanaohama mmoja mmoja. Chama kizima kinapovunjwa na kuungana na kingine, wabunge wake hubaki na viti. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 2016, TNA, URP na vyama vingine vilipoungana kuwa Jubilee. Njia aliyoipitia Ngala mwaka wa 1964 bado iko wazi: mbunge akihama peke yake, mpiga kura wa Wema huitwa kituoni kuamua, chama kikihama chote, mpiga kura husubiri hadi uchaguzi mkuu unaofuata.