Leseni ya Kuvua Samaki katika Mito ya Nyeri

Leseni ni karatasi ndogo, lakini habari zake si ndogo. Ndani yake mna swali ambalo binadamu amejiuliza tangu alipoanza kuishi pamoja na wenzake: kitu hiki ni cha nani, na nani ana haki ya kumpa mwingine ruhusa ya kukitumia? Swali hili laweza kuulizwa juu ya shamba, msitu au kisima. Katika insha hii tutaliuliza juu ya mito baridi ya Nyeri, na juu ya samaki mgeni aliyeletwa humo.

Mji wa Nyeri uko kati ya milima. Upande wa mashariki umesimama Mlima Kenya, au Kirinyaga, wenye kimo cha meta 5,199. Upande wa magharibi imejipanga safu ya Nyandarua, ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Kutoka huku na huku hushuka mito mingi. Gura, Chania, Thego na Ragati humimina maji yake hatimaye katika mto Tana. Naro Moru na Burguret huelekea Ewaso Ng'iro, katika nchi kavu ya kaskazini. Kwa Wakikuyu wa zamani mto ulikuwa mpaka baina ya mgongo mmoja wa nchi na mwingine, na ulikuwa maji ya watu na ya mifugo. Haukuwa ghala la kitoweo, maana kwa desturi yao Wakikuyu hawakula samaki. Haki ya kuvua haikugombewa na mtu, wala haikuhitaji mlinzi.

Hali hiyo ilianza kugeuka mwaka 1905. Mlowezi mmoja, Ewart Grogan, aliyepata sifa kwa safari yake ndefu ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, aliagiza mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka ziwa la Loch Leven katika Uskoti, na uzao wake ukatiwa katika mto Gura. Trauti ni samaki wa maji baridi, safi, yaendayo kasi. Hawezi kuishi katika maji ya uvuguvugu ya nchi tambarare, lakini katika miinuko ya Nyandarua, ingawa Ikweta i karibu, alikuta baridi inayofanana na ya kwao. Mwaka 1910 aliletwa kutoka Afrika Kusini ndugu yake, mwenye rangi za upinde wa mvua ubavuni, ambaye asili yake ni nchi zinazopakana na Bahari ya Pasifiki. Wote wawili walistawi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nchi hii wageni wa majini walikuja, lakini si kila mwenyeji aliyepona. Grogan huyo huyo, mwezi Machi 1907, aliwachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Mambo haya mawili yafaa kusomwa pamoja, maana mkono uliomlea samaki kwa upole ndio ulioshika kiboko juu ya mwanadamu.

Samaki akiisha kustawi, alihitaji kulindwa. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu kwa ajili ya trauti, na aliyetaka kumvua kwa mchezo alitakiwa kuwa na leseni. Uvuvi huo ulikuwa burudani ya walowezi na wageni wao. Mvuvi alishika ufito mrefu, akarusha mshipi wenye ndoana iliyofungwa manyoya kwa mfano wa nzi, akangoja samaki adanganyike. Mwafrika aliyeonekana kando yake aghalabu alikuwa mchukuzi, kiongozi wa njia au mlinzi wa mto.

Tukumbuke kwamba katika zama hizo palikuwa na karatasi nyingine. Tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kazi alilazimika kuchukua kipande, hati yenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, iliyotiwa katika kikasha cha chuma na mara nyingi kuvaliwa shingoni. Basi ukingoni mwa mto mmoja waliweza kukutana watu wawili, kila mmoja na karatasi yake. Ya kwanza ilimfungulia mwenyewe njia ya starehe. Ya pili ilimfunga mwenyewe kwa bwana wake. Zote mbili zilitolewa na serikali moja, kwa jina la sheria. Kwa hiyo msomaji asistaajabu akisikia kwamba wazee wengi wa Kenya hawakulipenda neno ruhusa.

Mwaka 1952 ulilidhihirisha jambo hili kuliko miaka mingine. Tarehe 6 Februari, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa katika nyumba ya Sagana, karibu na Kiganjo, aliyopewa kuwa zawadi ya harusi, kando ya mto wenye trauti. Hapo ndipo alipopata habari ya kifo cha baba yake, na kwamba sasa yeye ndiye malkia. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilipigwa marufuku, na mtu aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Wapiganaji wa Mau Mau waliojificha humo walikunywa maji ya mito ile ile. Mto ambao mmoja aliuingia kwa leseni, mwingine aliuingia kwa kuhatarisha roho yake.

Je, yatupasa kusema kwamba leseni ni jambo baya kwa kuwa ilizaliwa katika nyumba mbaya? La. Kitu kisicho na hesabu hakidumu, na wahenga walikwisha kutuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mto ni mwembamba, na samaki wake wana idadi. Wakiruhusiwa watu wote kuvua kwa nyavu, kwa sumu au kwa baruti, msimu mmoja watosha kuumaliza uzao wa miaka. Leseni humjulisha mwenye mto ni nani anayevua, na humwekea mvuvi mipaka. Samaki nao walihitaji kuongezwa, na kwa kazi hiyo kituo cha Kiganjo kilianzishwa mwaka 1948, kuangulia mayai na kulea vifaranga. Kosa la zamani halikuwa kudai leseni. Kosa lilikuwa kwamba aliyeitoa hakuwa mwenye mto, na mwenye mto hakuulizwa.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, sheria za samaki hazikufutwa siku ile. Ile ya trauti ilidumu mpaka Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1989 ilipochukua nafasi yake. Baadaye Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, ilitamka kwamba mito ni sehemu ya ardhi ya umma, na kwamba serikali ya taifa imeishika kama amana kwa ajili ya watu wa Kenya. Sheria mpya ya uvuvi ilifuata mwaka 2016. Tazama basi jinsi maana ilivyogeuka: anayeomba leseni sasa haombi kwa bwana wa kigeni; anawaomba wananchi wenzake, kwa mkono wa serikali yao. Na raia anayevua bila leseni hamwibii Malkia. Anajiibia mwenyewe na jirani yake.

Walakini leseni ya mvuvi peke yake haiwezi kuuokoa mto. Trauti hutaga katika changarawe safi. Msitu ukikatwa, mvua huchukua udongo mpaka mtoni, na tope huyafunika mayai yakafa kwa kukosa hewa. Katika miezi ya kiangazi mashamba ya Naro Moru na Nanyuki huvuta maji mengi, hata wafugaji walioko chini hupungukiwa. Ndiyo sababu, baada ya Sheria ya Maji ya mwaka 2002, vyama vya watumiaji wa maji viliundwa ili watu wa juu na wa chini wapatane. Mwenye mashine ya kuvuta maji naye hutakiwa kuwa na kibali. Ni dhuluma kumhesabia mvuvi samaki wawili watatu, kisha kumwacha mwingine aunyweshe shamba lake mto mzima.

Watu wengi watumiao mto leo hutakiwa kuwa na karatasi ya namna fulani. Ukiiona, iwe ya ufito au ya mashine, usiishie kuuliza bei yake. Uliza imetolewa kwa jina la nani, na kama aishiye chini ya mto amekumbukwa ilipoandikwa.