Mkingiwa: Maana ya Jina Tunalomwita Bikira Maria

Kila tarehe 8 Desemba tunaadhimisha Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Jina hilo tumelizoea mno, na pengine ndiyo sababu hatulipimi.

Kitenzi chake ni kukinga, yaani kuzuia jambo lisimfikie mtu. Mwavuli hukinga jua, chanjo hukinga ugonjwa. Twasema pia kukinga maji ya mvua, kwa kuwa ndoo huwekwa kabla tone halijafika chini. Kukinga hutangulia, aliyekwisha kuugua hutibiwa, hakingwi. Nalo umbo kukingiwa laonyesha kwamba mwenyewe hakujikinga, bali yupo aliyezuia kwa ajili yake.

Hapo ndipo wanateolojia wa kale walipovutana. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliona kwamba kama Maria hakuguswa kamwe na dhambi ya asili, asingemhitaji Mkombozi. Mwenyeheri Yohane Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki mwaka 1308, alijibu kuwa kumzuia mtu asianguke ni ukombozi mkamilifu kuliko kumwinua aliyeanguka. Papa Pio IX, alipotangaza fundisho hili mwaka 1854 kwa hati Ineffabilis Deus, alifundisha kwamba Maria alikingiwa kwa kutazamia mastahili ya Yesu Kristo. Kilatini humwita Immaculata, asiye na doa. Kwa maoni yetu jina la Kiswahili lafundisha zaidi, maana ndani yake yumo Yule aliyekinga.

Wengi hudhani sherehe hii yahusu Yesu kutungwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, na Injili ya siku hiyo (Lk 1:26-38) huwazidishia utata. Anayehusika ni Maria mwenyewe, alipotungwa mimba tumboni mwa mama yake. Ndiyo maana kuzaliwa kwake huadhimishwa miezi tisa baadaye, tarehe 8 Septemba.

Lipo jambo zito zaidi. Mitaani, kinga ni pia hirizi au dawa ya kuzindika nyumba, na wapo waamini wanaovaa medali ya Bikira Maria kwa nia hiyo hiyo, huku mlango wa mganga wakiujua. Medali ni kisakramenti: hutusaidia kwa sala ya Kanisa na imani ya anayeivaa, wala chuma chake hakina nguvu yoyote. Kabla medali za watoto wa Komunyo ya Kwanza hazijabarikiwa, ni vema makatekista wawaeleze wazazi tofauti hiyo waziwazi.