Namba Tasa ya Édouard Lucas

Namba 2¹²⁷ − 1 ina tarakimu 39: 170141183460469231731687303715884105727. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hadi leo hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa kwa hesabu ya mkono mtupu.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha ya vipeo, cha mwisho kikiwa 257, ambavyo kwa maoni yake huifanya 2ᵖ − 1 kuwa tasa. Kipeo sharti kiwe tasa chenyewe, lakini hilo halitoshi: 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Mersenne aliingiza 67 na 257 kimakosa, akaacha 61, 89 na 107. Kuhusu 127 alipatia, ila hakuacha uthibitisho.

Mwaka 1772 Leonhard Euler alithibitisha kuwa 2³¹ − 1, yaani 2147483647, ni tasa. Alipunguza sana idadi ya vigawo vya kujaribiwa, lakini bado ilimbidi agawanye. Kwa 2¹²⁷ − 1 njia hiyo haifiki popote, kwa kuwa kipeuo chake cha pili kina tarakimu 20.

Mwanahisabati Édouard Lucas, mzaliwa wa Amiens, aliacha kabisa kutafuta vigawo, na hapo ndipo ulipo ukubwa wa kazi yake. Mwaka 1876 alianza na 3, akawa anazidisha kila namba kwa yenyewe, anatoa 2, kisha anachukua baki la kugawanya kwa namba inayochunguzwa. Kwa 2⁷ − 1, ambayo ni 127, mfuatano ni 3, 7, 47, 48, 16, 0. Sifuri hiyo katika hatua ya tano ndiyo uthibitisho. Kwa 2¹²⁷ − 1 hatua ni 125, na karibu zote ni za kuzidisha namba zenye tarakimu zisizopungua thelathini na kitu. Lucas alizibadili namba ziwe za mfumo wa 0 na 1, akazipanga kwenye ubao wa miraba mfano wa sataranji.

Kwa njia hiyohiyo alionyesha kuwa 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kujua kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe, 193707721 na 761838257287, vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903.

Rekodi ya Lucas ilidumu miaka 75. Mwaka 1951 Aimé Ferrier, akitumia mashine ya mezani ya kukokotolea, alithibitisha namba tasa ya tarakimu 44. Januari 1952 kompyuta ya SWAC ya Los Angeles, ikiongozwa na programu ya Raphael Robinson, ilipata 2⁵²¹ − 1 na 2⁶⁰⁷ − 1 kwa siku moja. Ilitumia jaribio la Lucas kama lilivyorahisishwa na Derrick Lehmer mwaka 1930, na ni jaribio hilohilo lililothibitisha, Oktoba 2024, kuwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, ni tasa.