MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: NEEMA YA KWINGINE INAVYOFIKA DODOMA



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza habari za kikundi chetu: tulivyoanza, hisa zetu, mikopo yetu, na kile kisanduku chetu cha kufuli tatu. Lakini tumeona si vizuri tujisimulie sisi wenyewe tu, kana kwamba tumeota peke yetu porini kama mbuyu. Kikundi kilianza mwaka 2015. Mwaka uliofuata, 2016, ikatangazwa kwamba Serikali yote inahamia Dodoma. Maana yake ni kwamba miaka yetu kumi ndiyo hiyo hiyo miaka ambayo mji huu umebadilika mpaka aliyeondoka zamani akirudi anapotea njia.

Basi tumeandika historia fupi ya jambo moja ambalo tumekuwa tukiulizana kwenye vikao: mahali pamoja pakistawi, na jirani zake wanastawi? Na wakistawi, ni nani hasa anayepata? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa Dodoma tumepokea wageni wengi. Wapo waliotuponya, na wapo waliotuachia visiki shambani.

Jambo hili hata wataalamu wamelifikiria. Mchumi wa Uswidi, Gunnar Myrdal, mwaka 1957 alieleza kwamba mahali panapokua pana nguvu mbili kwa wakati mmoja. Moja inaeneza: inanunua mazao ya jirani, inatoa kazi, inapeleka ujuzi. Nyingine inavuta: inachukua vijana wenye nguvu, fedha na mali ya jirani, mpaka jirani anabaki maskini kuliko mwanzo. Neema haiendi yenyewe kila upande kama mvua. Inafuata mifereji. Tuangalie basi mifereji hiyo hapa kwetu.

Misafara na hongo

Katika karne ya 19 Unguja ilistawi sana kwa biashara ya pembe za ndovu, karafuu na, kwa aibu kubwa, watu waliouzwa utumwani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji. Hapakuwa na njia rahisi ya kutukwepa. Msafara wa mamia ya wapagazi ulihitaji maji na chakula, na katika nchi hii ya kiangazi kirefu maji yana mwenyewe.

Watemi wa Ugogo wakatoza hongo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Wasafiri wa Ulaya walilalamika sana juu ya hongo katika vitabu vyao. Lakini ukitazama kwa jicho la mwenyeji, hongo ilikuwa ushuru wa njia, sawasawa na ule tunaolipa leo kwenye vizuizi vya mazao. Pamoja na hongo, misafara ilinunua mtama, uwele na mifugo. Kwa hiyo utajiri wa Unguja ulidondoka kidogo hapa katikati, tena kwa sababu wenyeji walikuwa na kitu ambacho mgeni hawezi kwenda bila hicho, na walikuwa na uwezo wa kupanga bei. Hilo ni somo la kwanza. Lakini msisahau, jamani, kwamba mwaka wa njaa chakula kikiuzwa kwa msafara ni chakula kilichotoka ghalani kwa mama mwenye watoto.

Reli inapita

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa miaka michache tu biashara ya wapagazi ikafa, na hongo nayo ikawa hadithi.

Hapa pana jambo la kuangalia vizuri. Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, na Kilimatinde ilikuwa boma la Wajerumani. Reli haikupita penyewe. Kwa Mpwapwa ilipita pembeni, Gulwe. Kilimatinde nayo ikaachwa, stesheni zikajengwa kwingine na Manyoni ikakua. Dodoma, ambayo kabla ya hapo haikuwa na sifa kubwa, ikawa mji. Barabara kuu ya kutoka kaskazini kwenda kusini ilipokuja kukatiza reli hapa hapa, tukawa njia panda ya nchi. Yaani neema ya njia inahama pamoja na njia. Uliyejenga kibanda kando ya barabara usilale usingizi, maana barabara inaweza kuhamishwa.

Tena reli haikuleta tu, ilichukua. Iliondoa ng'ombe, ngozi na karanga, ikaondoa na vijana waliokwenda kutafuta kazi za mkonge. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, majeshi, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ukafuata. Ndipo ikaja ile njaa ambayo wazee wa Kigogo wanaiita Mtunya, iliyoua watu wengi mno na kusambaza familia. Njia iliyotufungua ndiyo iliyotumika kutumaliza. Bila akiba, kuunganishwa na dunia ni hatari pia. Hilo ni somo la pili, nasi wanawake wa akiba tunalielewa bila kufundishwa.

Karanga za Kongwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ukaanza mradi mkubwa wa karanga, na makao yake yakawa Kongwa. Yaliletwa matrekta, wataalamu na maelfu ya vibarua, likajengwa hata tawi la reli. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu kwa jumla.

Mambo hayakwenda. Miti ya porini ilivunja mitambo. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakauka kama sakafu ya saruji, karanga hazing'oki. Mvua nazo, sisi tunazijua, hazina ahadi. Mwezi Januari 1951 mradi ulifutwa, baada ya kula takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza.

Kilibaki nini kwa mwenyeji? Wapo waliopata mishahara kwa muda na kujifunza ufundi. Ardhi iliyofyekwa baadaye ikawa ya mifugo, na leo ipo ranchi ya taifa. Lakini fedha yote ile ilipita juu ya vichwa vyetu, kwa sababu karanga zililimwa kwa ajili ya Ulaya, mitambo ilitoka Ulaya, faida nayo ilipangwa iende huko huko. Mama wa Kigogo aliyekuwa akilima karanga na njugu mawe kwa jembe la mkono tangu zamani, akijua lini apande na wapi pasipopandwa, hakuingizwa kwenye hesabu zao. Somo la tatu: ukubwa wa mradi si kipimo cha neema. Uliza kwanza kama unanunua kutoka kwa jirani na kama unamuuliza jirani.

Makao makuu

Mwezi Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mojawapo ya sababu ilikuwa hii hii tunayozungumza: maendeleo yalikuwa yamejikusanya Dar es Salaam, na ilitakiwa yasogezwe katikati ili yaenee kwa wote. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, wengi tunaijua kwa jina la CDA, na wataalamu wa Kanada wakachora mpango wa mji mwaka 1976.

Kazi ikaenda taratibu mno, maana miaka ile nchi ilikuwa na dhiki: vita ya Kagera, bei ya mafuta, maduka matupu. Bunge lilihamia mwaka 1996. Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. Ndipo mwezi Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kuhama kweli kweli. CDA ikavunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa Jiji mwaka 2018, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu. Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba. Mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikafika.

Sensa inaonyesha: mwaka 2012 eneo la jiji lilikuwa na watu 410,956, na mwaka 2022 watu 765,179. Hao wote wanakula, wanakaa, wanavaa. Ndiyo sokoni kumejaa.

Kinachofika na kisichofika

Sasa tuseme ukweli wa tuliyoyaona, tukiwa wake wa vibarua, mama lishe, wauza mboga, watumishi wa kada za chini na wakulima.

Kilichofika ni hiki. Zabibu zetu zimepata walaji karibu. Mlenda mkavu, ubuyu, kuku wa kienyeji na maziwa, vitu ambavyo zamani vilikuwa vya nyumbani tu, sasa vina bei. Barabara za lami za kwenda Iringa na Babati zimesogeza mazao ya Kondoa na Mtera. Soko la nafaka la Kibaigwa linakusanya mahindi ya Kongwa, Kiteto na Gairo, na wanunuzi wanakuja mpaka kutoka nchi jirani. Pale unaona neema ikienea kwa mtindo unaotakiwa: mkulima analima kwake, anauza kwa bei inayojulikana, na mzigo unapimwa.

Lakini nguvu ya kuvuta nayo ipo. Kodi ya vyumba imepanda, wengi wetu tumesogea pembeni zaidi, kwa hiyo nauli imeongezeka. Vijana wa vijijini wanakuja kujenga, na shamba linabaki kwa bibi na wajukuu. Misitu inaisha kwa mkaa unaopikiwa mjini. Kando ya jiji wapo walioachia ekari zao mapema kwa bei ndogo, na leo wanapita hapo hapo wakitafuta kibarua cha kuchota mchanga. Kila mara aliyeuza haraka ni yule aliyekuwa na shida ya haraka: ada, ugonjwa, msiba.

Tena upo mpaka usioonekana. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarudishwa mwaka 2024. Ni jambo zuri. Lakini asilimia 10 ya halmashauri yenye mahoteli na viwanja siyo asilimia 10 ya halmashauri yenye mtama na mbuzi. Mwenzetu wa Bahi au Chamwino anauza mbuzi mjini, mnunuzi anamla mjini, na sehemu kubwa ya ushuru wa biashara inayozaliwa hapo inabaki mjini. Tunatamani wahusika walifikirie hilo.

Na treni ya umeme, tunaifurahia, lakini haisimami kila kijiji kama basi. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu akumbuke habari ya Kilimatinde.

Tufanye nini sisi

Historia hii inatuonyesha kwamba neema ya kwingine inakaa kwa mwenyeji pale penye mambo matatu: ana kitu mgeni anachokihitaji, ana uwezo wa kupanga bei, na ana akiba ya kumwezesha kusubiri. La tatu ndilo linalobeba mengine. Mwenye njaa hapangi bei.

Hapo ndipo kisanduku chetu kinapoingia katika historia ya Dodoma, ingawa hakitaandikwa kwenye vitabu vya wakubwa. Mwanachama anayekopa kulipa ada hauzi shamba. Anayekopa kununua gunia wakati wa mavuno anaweza kuliuza wakati bei imepanda. Mfuko wa jamii unamwokoa mfiwa asikimbilie mkopo wa kausha damu. Ni mambo madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kwa miaka kumi ijayo tunapendekeza mambo machache yajadiliwe kwenye mkutano mkuu. Kwanza, tuwe na mkopo maalumu wa kusindika, ili tusiuze zabibu na alizeti mbichi tu huku wengine wakituuzia sisi juisi na mafuta. Pili, tushirikiane na vikundi vya wilaya za pembeni, tununue kwao moja kwa moja kwa bei ya haki, maana sisi wa mjini kwao ndio wageni, na ni aibu tukiwafanyia yale yaliyofanywa Kongwa. Tatu, mwanachama yeyote anayetaka kuuza ardhi aje kwanza kwenye kikundi, tuone kama shida yake inatatulika kwa njia nyingine.

Mji utaendelea kukua, hilo halina ubishi. Kama utakua pamoja nasi au juu yetu, sehemu moja iko mikononi mwa wakubwa, na sehemu nyingine iko kwenye hisa tunazonunua kila wiki. Tunawatakia wote heri ya miaka kumi, na Mungu atujalie mvua njema.