Nasaba za Wahamiaji wa Laikipia katika Nchi ya Meru

Atakaye kufuatilia nasaba ya mhamiaji aliyeingia Meru katika karne ya 19 hatapata daftari la kufunua, kwani Wamasai wa Laikipia, walioshindwa na ndugu zao wa Purko katika miaka ya 1870, wakakimbilia miteremko ya Mlima Kenya, hawakuandika waraka wowote. Athari zao zimo katika miiriga, yaani koo zilizowapokea, na katika majina ya marika, ambayo wazee huyahesabu kwa taratibu hata yakawa ndiyo tarehe yao. Basi mwulize mzee kwanza rika la babu yake. Hazina hii ya vifuani yastahili kuhifadhiwa kwa hima. Tena Wameru waliowakaribisha nao husimulia kwamba wahenga wao walikimbia utumwa wa watu walioitwa Nguuntune, katika kisiwa walichokiita Mbwaa.